Geuza Gamba Utazame Mgongo Wake: Somo Kuhusu Rangi Inayobanduka Kwenye Lipu Mpya



Wako watakaostaajabu kuona jarida la polisi na jamii likifundisha habari za lipu na rangi. Wamezoea kusoma humu habari za wizi wa mifugo, watoto waliopotea na usalama wa barabara ya kwenda Mbarara. Lakini ugomvi mwingi unaofika mezani petu hauanzi kwa panga wala kwa rungu. Huanza kwa kazi iliyoharibika na fedha ambazo zimekwisha kutolewa. Mwenye nyumba anaona ameibiwa, fundi anaona amedhulumiwa, na kabla ya jua kutua kila mmoja amekwisha kuwaita watu wa kwao. Tumeona kwamba ni heri kufundisha chanzo cha ugomvi kuliko kungoja mwisho wake.

Somo la toleo hili ni rangi inayobanduka kwenye lipu mpya, ile ambayo wengi wetu huiita plasta. Tunataka kila msomaji ajue mambo mawili: ni kwa nini rangi hubanduka, na ni nani wa kuulizwa inapobanduka.

KISA CHA NGAZI ILIYOFUNGIWA DUKANI

Kisa hiki tumekiondolea majina, mtaa na taifa la wahusika, kwa maana funzo lake si la mtu mmoja.

Mama mmoja mwenye duka katika Base Camp alijenga chumba cha matofali ili kupanua biashara yake. Mwashi alimaliza kupiga lipu mwanzoni mwa Novemba, mvua zikiwa bado zinanyesha. Mama alitaka kufungua mapema ili awahi biashara ya Krismasi, kwa hiyo siku ya kumi akamwita fundi rangi. Fundi aliweka kiganja chake ukutani, akasema, "Mama, ukuta huu bado una maji. Tungoje mwezi."

Mama akamjibu, "Fundi, madeni yangu hayangoji mwezi. Ikiwa wewe huwezi, wapo wengine."

Fundi naye alikuwa na watoto wa kulisha. Akanyamaza, akapokea nusu ya ujira, akapaka rangi ya mafuta iliyonunuliwa Mbarara. Chumba kikang'aa, na wateja wakakisifu.

Wiki ya tatu ukuta ukaanza kufura malengelenge. Yakapasuka, na rangi ikaning'inia kama magamba. Mama akasema fundi ameuza nusu ya ndoo na kuiongezea petroli iliyobaki. Akakataa kumlipa nusu ya pili ya ujira, akaifungia ngazi yake na brashi zake ndani ya duka. Jioni marafiki wa fundi wakaja kudai ngazi. Majirani wa mama wakatoka. Maneno ya kazi yakageuka matusi ya kabila na taifa, na katika giza jiwe likavunja kioo cha dirisha.

Walipofika kwetu, mama alisema, "Afande, huyu ni mwizi." Fundi akasema, "Afande, mwizi ni anayezuia jasho la mtu." Wote wawili walikuwa wanasema wanachokiamini kwa moyo wote, na wote wawili walikuwa hawajaukagua ukuta.

Asubuhi yake tulikwenda dukani pamoja na mwenyekiti wa kijiji, kiongozi wa wakimbizi wa mtaa ule, na mzee mmoja fundi ambaye hakuwa na udugu na upande wowote. Mzee hakuuliza nani ametoka wapi. Alichukua kisu, akainua gamba moja la rangi, akaligeuza, akautazama mgongo wake kwenye mwanga wa mlango. Tutarudi baadaye kwa alichokiona. Kwanza tujifunze kukisoma kile alichokisoma.

LIPU MPYA INA NINI NDANI YAKE

Lipu ya saruji na mchanga inapopigwa ukutani huwa imejaa maji. Sehemu ya maji hayo huungana na saruji na kuifanya iwe ngumu kama jiwe. Sehemu iliyobaki lazima itoke, na njia yake kubwa ni uso wa ukuta. Tukiufunika uso huo kwa rangi isiyopitisha hewa, maji huwa yamefungiwa mlango. Jua linapopiga ukuta, unyevu husukuma kutoka ndani, na rangi hufura.

Hapa tutofautishe maneno mawili ambayo mara nyingi huchanganywa: kukomaa na kukauka. Lipu hukomaa kwa maji. Ndiyo maana mwashi mwema huinyunyizia maji kwa siku kadhaa za mwanzo, hasa wakati wa kiangazi, kwa sababu lipu iliyokauka kabla ya kukomaa huwa dhaifu na hutoa vumbi kila inapoguswa. Baada ya kukomaa ndipo huachwa ikauke. Anayeruka hatua ya kwanza hupata ukuta wa vumbi, na anayeruka ya pili hupata ukuta wa malengelenge. Rangi haishiki vema kwenye ukuta wowote kati ya hizo mbili.

Jambo la pili ni ukali wa saruji. Saruji inapoungana na maji hutoa alkali, yaani ukali wa jamii ya magadi na majivu. Ukali huu ndio unaochubua vidole vya waashi. Vijana na akina mama wanaotengeneza sabuni katika makazi yetu wanaufahamu vizuri, kwa kuwa wanajua kwamba mafuta yakikutana na magadi makali hugeuka sabuni. Jambo hilo hilo hutokea ukutani. Rangi ya mafuta ikipakwa juu ya lipu changa yenye unyevu, alkali huyashambulia mafuta yaliyomo ndani ya rangi na kuyageuza kuwa kitu laini, chenye utelezi, kisichoshika. Rangi ya maji huvumilia zaidi, ingawa nayo inaweza kupauka na kufanya mabaka.

Jambo la tatu ni chumvi. Maji yanapotoka ndani ya ukuta hubeba chumvi zilizokuwamo katika saruji, mchanga, matofali au udongo wa chini. Yakifika juu hukauka na kuziacha chumvi kama unga mweupe. Unga huo ukiota nyuma ya rangi huinua rangi kutoka ukutani.

JINSI YA KUSOMA MGONGO WA GAMBA

Katika kazi yetu tunajua kwamba shahidi bora ni yule asiyekuwa na upande. Gamba la rangi ni shahidi wa namna hiyo. Lichukueni kutoka mahali palipobanduka penyewe, mligeuze, mtazame yafuatayo.

Mgongo ukiwa na unyevu au unga mweupe wa chumvi, chanzo ni maji. Angalieni tena mahali penyewe. Ikiwa rangi inabanduka kuanzia chini hadi usawa wa kiuno tu, maji yanapanda kutoka ardhini, au matone ya mvua yanarushwa ukutani kwa sababu paa ni fupi. Ikiwa inabanduka juu karibu na paa, tafuteni bati linalovuja. Ikiwa inabanduka kila mahali, yaelekea lipu ilikuwa haijakauka.

Mgongo ukiwa laini na wenye utelezi, na rangi ni ya mafuta, chanzo ni alkali ya lipu changa.

Mgongo ukiwa na mchanga mkavu au vumbi, rangi ilishika kitu ambacho chenyewe hakikushika. Huenda lipu ilikuwa na saruji kidogo, huenda mchanga ulikuwa na udongo mwingi, huenda lipu ilinyimwa maji ya kukomaa, au huenda ukuta haukufutwa vumbi kabla ya kupakwa. Katika nchi yetu ya Isingiro, ambako kiangazi huleta vumbi jingi la barabarani, hilo la mwisho ni la kawaida.

Mgongo ukiwa safi, mkavu na mlaini kama kioo, ukuta ulisuguliwa mno kwa mwiko wa chuma hadi ukateleza, au saruji tupu ilisiribwa juu yake. Rangi inahitaji mahali pa kung'ang'ania, kama miguu inavyohitaji mahali pa kukanyaga.

Gamba likitoka pamoja na kipande cha lipu, rangi haina kosa. Hapo lipu ndiyo iliyoachana na ukuta. Hili hutokea sana kwenye nyumba za matofali mabichi na za udongo, kwa kuwa lipu ngumu ya saruji na ukuta laini wa udongo hunywa maji na kukauka kwa namna zisizolingana.

Mwisho, ikiwa koti la juu limebanduka na la chini limebaki, tatizo liko kati ya makoti mawili: la pili lilipakwa kabla la kwanza halijakauka, au rangi ya maji ilipakwa juu ya rangi ya mafuta inayong'aa bila kupigwa msasa.

VIPIMO VINNE VYA NYUMBANI

Vipimo hivi havihitaji mtambo, na mwenye nyumba na fundi wanapaswa kuvifanya wakiwa pamoja, kabla ndoo ya rangi haijafunguliwa.

Cha kwanza ni kipimo cha nailoni. Chukueni kipande cha nailoni angavu chenye upana na urefu wa nusu mita hivi. Kibandikeni ukutani kwa gundi ya karatasi, mzibe kingo zote nne, mkiache usiku kucha hadi siku ya pili. Mkikuta matone ndani ya nailoni, au ukuta umekuwa mweusi chini yake, ukuta una maji. Fanyeni hivyo mahali pawili au zaidi, hasa sehemu za chini na upande usiopigwa na jua.

Cha pili ni kipimo cha manjano, ile bizari ya kupikia. Korogeni manjano kwa maji safi, mchovye karatasi nyeupe, muiache ikauke. Kisha ilowesheni kidogo, mwigandamize ukutani kwa dakika chache. Mahali penye alkali kali, umanjano hugeuka wekundu wa kahawia. Jaribuni karatasi ya pili kwenye ukuta wa zamani, mlinganishe rangi mbili hizo. Kadiri wekundu wa ukuta mpya unavyokolea kuliko wa zamani, ndivyo subira inavyohitajika. Kipimo hiki hakitoi hesabu kamili, lakini hukanusha neno la "tayari" lililosemwa kwa haraka.

Cha tatu ni kipimo cha kiganja. Pitisheni kiganja kikavu au kitambaa cheusi ukutani. Kikitoka cheupe kwa vumbi, ukuta unahitaji kusuguliwa, kufutwa na kupakwa rangi ya kutangulia, ambayo mafundi huiita praima.

Cha nne ni cha ukuta uliokwisha kupakwa. Chora alama ya X kwa wembe hadi kuifikia lipu, bandika gundi ya karatasi juu yake, isugue ikamate, kisha ivute kwa ghafla. Rangi ikitoka na gundi, usipake koti jingine juu yake. Koti jipya litadumu kadiri lile la chini litakavyodumu.

Na kabla ya lipu yenyewe, pimeni mchanga. Tieni mchanga ndani ya chupa angavu hadi nusu, mwongeze maji yenye chumvi kidogo, mtikise kwa nguvu, mwache utulie kwa saa chache. Mchanga hukaa chini na udongo hukaa juu yake kama tabaka laini. Tabaka hilo likikaribia sehemu moja ya kumi ya kimo cha mchanga, mchanga huo unahitaji kuoshwa.

SUBIRA YA KIASI GANI

Kwa lipu ya kawaida yenye unene wa milimita 12 hadi 15, desturi ya mafundi ni kungoja wiki 4 angalau katika hali nzuri ya hewa. Lipu nene zaidi huhitaji muda zaidi. Wakati wa mvua, ambao kwetu huja takriban Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Desemba, wiki 4 huenda zisitoshe, na kipimo cha nailoni ndicho kitakachoamua badala ya kalenda. Mwenye uwezo wa kuchagua apange lipu yake ili ikauke katika Januari na Februari, au kati ya Juni na Agosti.

Kwa yule asiyeweza kungoja, iko njia ya wazee: chokaa. Chokaa yenyewe ni ya jamii ya alkali, kwa hiyo haigombani na saruji, nayo huacha ukuta upumue. Hupakwa nyembamba, koti juu ya koti, ukuta ukiwa umeloweshwa kidogo. Huangaza chumba, bei yake ni nafuu, na duka linaweza kufunguliwa. Tunaonya tu kwamba chokaa huunguza macho. Anayeipaka afunike macho na mikono, na watoto wakae mbali. Tena ajue kwamba siku atakapotaka kupaka rangi ya kisasa juu yake, itamlazimu kuikwangua ile inayotoa unga.

JINSI YA KUTIBU UKUTA ULIOKWISHA KUHARIBIKA

Hatua ya kwanza ni kuzuia maji: ziba bati, rekebisha mfereji, ondoa udongo uliorundikwa ukutani. Ukitibu rangi ukaacha maji, utalipia kazi hiyo mara ya pili.

Hatua ya pili ni kukwangua rangi yote iliyolegea hadi kufikia ile iliyoshika kweli. Usione huruma na kipande kinachoning'inia. Ikiwa rangi ni ya zamani na haijulikani ilitengenezwa kwa nini, ilowesheni kwanza ili isitoe vumbi, kwa maana baadhi ya rangi za zamani zina risasi, ambayo huwadhuru watoto. Magamba yazoeni, myatupe mbali na maji na mahali pa kuchezea.

Hatua ya tatu ni chumvi. Ifagieni kwa brashi kavu. Msiimwagie maji mengi, kwa sababu maji huirudisha ndani na kesho itatoka tena. Ngojeni siku kadhaa, mtazame kama inaota upya. Ikiota, ukuta bado unatoa maji.

Hatua ya nne ni kungoja ukuta ukauke, mkirudia kipimo cha nailoni.

Hatua ya tano ni kuziba nyufa na mashimo, kupiga msasa mahali panapoteleza, na kufuta vumbi lote.

Hatua ya sita ni praima inayohimili alkali. Dukani ulizeni hivyo waziwazi, na msome maandishi ya ndoo. Ikiwa praima haipatikani na ukuta umekauka vema, koti la kwanza la rangi ya maji isiyong'aa huongezwa maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye ndoo, ili linywewe na lipu na kuota mizizi. Makoti yanayofuata hupakwa mazito zaidi, kila moja likingoja jenzake likauke.

KABLA YA KAZI, MWANDIKIANE

Fundi asiyesema ukweli kwa kuogopa kukosa kazi, na mwenye nyumba asiyesikiliza kwa kuogopa kukosa wateja, wote wawili wanajenga kesi. Karatasi moja ya daftari inatosha kuizuia. Iandikwe kwa lugha ambayo wote wawili wanaielewa, isomwe kwa sauti mbele ya mashahidi wawili, na itaje haya:

1. Tarehe lipu ilipomalizika, na jina la mwashi.
2. Matokeo ya kipimo cha nailoni, na tarehe ya kipimo.
3. Aina ya rangi, idadi ya ndoo, nani amenunua, na risiti iko kwa nani. Ndoo ifunguliwe wote wawili wakiwapo.
4. Idadi ya makoti.
5. Ujira wote, kiasi kilichotangulizwa, na siku ya kumalizia malipo.
6. Nani atarekebisha ikiwa rangi itabanduka kabla ya miezi mtakayokubaliana.
7. Ikiwa fundi ameshauri kungoja na mwenye nyumba amekataa, liandikwe hilo nalo, na wote waweke sahihi au dole gumba.

Kipengele cha saba ndicho kinachosahauliwa sana, nacho ndicho kingeokoa kioo cha dirisha katika kisa chetu.

MAHALI PA KUPELEKA MALALAMIKO

Rangi kubanduka si jinai kwa yenyewe. Deni la ujira au ubishi juu ya ubora wa kazi ni shauri la madai. Polisi hatukusanyi madeni, wala hatumfungi mtu kwa sababu ukuta wake umebabuka. Anayekwambia kwamba kwa malipo fulani askari atamkamata mdeni wako anakudanganya, na tunaomba utuletee habari zake.

Anzeni kwa mwenyekiti wa kijiji, LC1, na kwa viongozi wa wakimbizi waliochaguliwa katika mtaa wenu. Sheria ya Mahakama za Mabaraza ya Mitaa ya mwaka 2006 inaziruhusu mahakama hizo kusikiliza mashauri madogo ya madeni na mikataba. Kwa madai makubwa zaidi, yasiyozidi shilingi milioni 10, uko utaratibu wa madai madogo katika mahakama za mahakimu, ambamo mdai hujieleza mwenyewe bila wakili. Nendeni na karatasi yenu, risiti, na gamba la rangi ndani ya bahasha.

Lakini yako mambo ambayo ni ya polisi moja kwa moja. Kumpiga mtu, kumtishia au kuvunja mali yake ni jinai. Kuuza rangi bandia ndani ya ndoo yenye jina la kampuni nyingine, au kupokea fedha kwa hila huku ukijua hutafanya kazi, nako kunaweza kuwa jinai. Kumzuilia fundi vyombo vyake vya kazi ili kumshurutisha ni kujichukulia sheria mkononi, na kunaweza kumgeuza mlalamikaji kuwa mshtakiwa. Katika mambo hayo fikeni kituoni, au mpige 999 au 112 bila malipo. Na mkumbuke siku zote: dhamana ya polisi ni bure.

MZEE ALIONA NINI

Sasa turudi dukani. Mgongo wa gamba lile ulikuwa na utelezi, na pembezoni mwake ulikuwa na unga mweupe. Mzee akabandika nailoni ukutani, na kesho yake ilikuwa na matone mengi ndani yake. Hayo yalithibitisha maji na alkali, lakini hayakumwondolea fundi shutuma ya petroli.

Ndipo mzee akauelekea mlango wa mbao, akauliza, "Mlango huu ulipakwa lini?"

Mama akasema, "Siku ile ile, na ndoo ile ile."

Mzee akaukwaruza kwa ukucha. Rangi ya mlangoni ilikuwa imeshika barabara. Hakuongeza neno, kwa maana halikuhitajika. Ikiwa rangi ingekuwa imeharibiwa, ingeshindwa kwenye mbao pia.

Mama alinyamaza muda mrefu, kisha akamwambia fundi, "Uliniambia tungoje." Fundi akajibu, "Nilikwambia mara moja, mama, kisha nikapokea hela. Ningekwambia mara ya pili." Tunaamini kwamba maneno hayo mawili yalifanya kazi kubwa kuliko vikao vyote tulivyoviandaa.

Ngazi na brashi zilirudishwa siku hiyo hiyo. Walikubaliana kwamba mama atanunua praima, fundi atarekebisha bila ujira mpya, na nusu iliyobaki italipwa kazi ikiisha. Mwashi naye aliitwa, kwa kuwa ndiye aliyesema lipu iko tayari, naye akakubali kusaidia kukwangua. Shauri la aliyerusha jiwe lilifuata njia yake ya sheria, kwa sababu jinai haifutwi kwa koti la rangi. Ukuta ulikwanguliwa, ukaachwa wazi mwezi mzima wa Januari, ukapakwa upya Februari.

Jioni ile ya jiwe, watu walikuwa wamekwisha kusema kwamba "watu wa kule ndivyo walivyo." Makazi haya yamekuwa yakipokea wakimbizi tangu mwisho wa miaka ya 1950, na leo wanaishi humu Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na wengine, bega kwa bega na wenyeji wa Isingiro. Katika mahali kama hapa, shutuma dhidi ya fundi mmoja huwafikia haraka watu elfu ambao hawajawahi kushika brashi. Ukuta uliobabuka unaweza kupakwa tena kwa wiki chache. Majirani walioitana wezi kwa sababu ya taifa lao huchukua miaka kupatana, na wakati mwingine hawapatani.

Kwa hiyo, ndugu zetu, rangi ikibanduka, msianze kwa kumtazama fundi usoni. Geuzeni gamba kwanza.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA BARAZA LA MTAA

1. Eleza tofauti kati ya lipu iliyokomaa na lipu iliyokauka. Ni hatari gani hutokea kila hatua inaporukwa?
2. Jirani yako anaona rangi ikibanduka kutoka chini hadi usawa wa kiuno peke yake. Utamshauri atazame nini kabla ya kumwita fundi?
3. Kwa nini rangi ya mlango ilikuwa ushahidi muhimu katika kisa hiki?
4. Katika kipengele cha saba cha makubaliano, nani hulindwa zaidi: fundi au mwenye nyumba? Toa sababu zako.
5. Taja mambo mawili katika kisa hiki yaliyokuwa ya madai, na moja lililokuwa la jinai.